Mteja Wangu wa Uongo

Nimewahi kuionea wivu injini ya lori. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilianza na mwanamke mwenzangu. Nilianza na injini.

Mume wangu alikuwa ametoka hospitali wiki chache nyuma. Pikapu ilimrusha mtaroni akirudi nyumbani kutoka gereji ya Majengo alikokuwa fundi, akaangukia kichwa. Jirani yetu hapo Pasua tunakopanga alikuwa ameegesha lori bovu nje ya uzio. Mume wangu akatoka, akafunua boneti, akainama, akacheka peke yake. Aliipapasa ile injini kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi bila kutarajia. Kisha akarudi ndani, akanikuta namenya ndizi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mimi ni mdogo kwake. Huyu ndiye aliyepeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa baba yangu Kibosho, wazee wakanywa mpaka wakasahau walichoitiwa. Sasa nilikuwa mama fulani wa kuamkiwa. Nikaitikia marahaba. Siku za mwanzo nilikuwa nabisha, namwambia mimi ni mke wako, naye anatingisha kichwa kwa adabu kama mtu anayeuziwa kitu asichokihitaji. Alijua kwamba tunaishi nyumba moja. Hakujua kwa nini.

Watu walinipongeza. Anatembea, anakula mwenyewe, viatu anafunga kamba. "Mshukuru Mungu, mama, wako katoka mzima." Nilimshukuru. Lakini mimi ni mtu wa mitumba. Nilianza miaka ile ya ruksa, watu walipoweka mezani vitu walivyokuwa wakiuza chini ya kanga, na mtu wa mitumba hanunui koti kwa kulitazama mgongo. Analigeuza, anasoma bitana, anaingiza mkono kila mfuko, halafu anaanza upya, maana mara ya kwanza jicho hudanganywa na rangi. Nje mume wangu alikuwa gredi ya kwanza. Ndani, mtu alikuwa amechomoa kitu na kushonea juu yake vizuri kabisa.

Hospitali ikaanzisha kikundi cha familia za watu walioumia kichwa. Tulikutana Alhamisi mchana kwenye ukumbi mdogo, ambao zamani walikuwa wakihifadhi vitanda vibovu. Ulikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama uani na geti la barabarani, wa nyuma ulipitia jikoni. Aliyetuongoza alikuwa binti wa idara ya mazoezi ya viungo. Tulimwita sista ingawa hakuwa mtawa wala nesi. Alikuwa na sauti laini na sheria moja.

"Hapa hatupimani," alisema siku ya kwanza. "Kila mgonjwa ana safari yake."

Ukimwambia mfanyabiashara asipime, umwambie pia kuku asichakure. Kabla chai haijaletwa nilikuwa nimeshapima ukumbi mzima. Nilijua nani kaletwa kwa machela, nani kwa mkokoteni, nani anameza na nani anatema. Nikarudia kupima kuanzia upande wa dirisha. Kwa miguu, mume wangu aliwashinda wote. Nikakaa sawa kwenye benchi, kanga nikaikaza.

Ndipo mwanamke wa Machame alipoingia na wa kwake.

Mume wake alianguka kutoka juu ya mti wa mgrivea akikata majani ya ng'ombe. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa, mkono wa upande huohuo umejikunja kama wa mtoto aliyeshika peremende. Mwanamke alimwingiza kwa kumkumbatia kiunoni, hatua moja na pumzi mbili, akamkalisha, akampangusa mdomo. Nikasema moyoni, pole dada, wewe ndiye wa mwisho hapa. Nilitaka hata kumsogezea kikombe. Akainuka kwenda kuchukua chai, na yule mume wake akageuza shingo kumfuata kwa macho, midomo ikahangaika, ikatoa sauti.

"Mke wangu."

Alisema hayo tu. Kumbe maneno mengine yote aliyaacha chini ya ule mti. Ukimpa uji anasema mke wangu, akiumwa anasema mke wangu, akisikia mvua inaanguka kwenye bati anasema mke wangu. Kikombe nilichotaka kumsogezea dada wa watu nikakivuta kwangu.

Sista alikuwa na desturi ya kufungulia kikao. Kila familia ilitaja jambo moja jema la wiki hiyo. Ilikuwa kama mnada, ila bidhaa huruhusiwi kuishika. Mzee mmoja fundi cherehani wa Majengo, ambaye alimleta binti yake, alisema binti amekunja shuka mwenyewe. Tukapiga makofi. Mwanamke wa Machame akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Wiki hii ameniita usiku, nikaamka, kumbe hakuwa na shida. Alikuwa ananiita tu."

Makofi tena. Zamu yangu nikasema wangu amebandua tairi la baiskeli ya jirani na kuliziba.

"Mungu mkubwa!" akasema mwanamke wa Machame, na macho yake yakamganda mume wangu miguuni. "Mimi ningepata mtu wa kuziba hata ndoo."

Sikujua kama ananisifu au ananichoma. Kichagga chake na changu havipatani vizuri, hivyo kila tulichokuwa nacho moyoni ilibidi kipitie Kiswahili, na Kiswahili kina adabu nyingi. Alhamisi baada ya Alhamisi alileta lile lile. Ameniita. Ameniita nikiwa kwa ng'ombe. Ameniita mbele ya mchungaji. Nilianza kulisikia kabla hajafungua mdomo, kama unavyosikia mtu wa barafu kabla hajapiga kengele. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakaa mkabala na mume wangu, nakohoa, naangusha kijiko, nipate tu kuitwa. Alikiokota kijiko.

"Samahani, mama, kimeanguka."

Sasa nieleze jinsi biashara yetu ilivyokuwa kabla ya ajali, la sivyo kilichotokea hakitaeleweka.

Jumamosi gereji ilifungwa mchana, naye alikuja sokoni kunisaidia. Hakunisaidia kwa kukaa mezani. Wateja hawakumjua, amevaa shati safi, mafuta ya injini kayasugua mpaka kwenye kucha. Alisubiri mbali mpaka aone mteja ameshika koti hataki kuliachia wala hataki kulinunua. Kuna wateja wa namna hiyo, wanaweza kushika kitu mpaka kikachakaa mikononi mwao. Hapo ndipo alipokuja, anatembea polepole, kama mtu wa kupita.

"Shikamoo, mama," ananiambia, mke wake, ili mteja aone kabisa kwamba hatujuani.

"Marahaba, baba. Karibu."

Analishika koti kwenye kola. Analigeuza, anaangalia bitana, mkono mfukoni, mara ya kwanza, mara ya pili, vile nilivyomfundisha. Kisha anasema kwa sauti ya mtu asiye na haraka:

"Mama, kama huyu hataki, nifungie mimi."

Sijawahi kuona dawa kama ile. Mteja analikumbatia koti kama mtoto anayetaka kuibiwa. Bei inapanda yenyewe. Mume wangu anasikitika kidogo, anasema basi, mama, siku nyingine, anaondoka upande wa mbele, anamezwa na watu. Mteja akishalipa na kutokomea, mimi nasikia hatua nyuma yangu. Amezunguka. Amepita kwa wauza dagaa, amepita kwenye mtaro, ameingia kwa nyuma ya meza na kukaa juu ya belo la nguo. Ananyoosha mkono juu ya bega langu, nami namimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Anakunywa nusu, ananirudishia nusu.

Sijui wenzetu ndoa zao zilikaa wapi. Yetu ilikaa pale nyuma ya meza.

Ndiyo maana siku alipofumbua macho hospitali, bandeji imemfunika mpaka kwenye nyusi, akanitazama na kusema shikamoo mama, nilicheka. Nesi alinishangaa. Nilidhani ameanza mchezo. Nikaitikia, nikasubiri azunguke.

Baridi ya mwezi wa saba ikashuka kutoka mlimani. Kule Machame ukungu ulikuwa unalala migombani mpaka saa za kunywa chai ya pili. Mwanamke yule akanifuata tukiwa tunatoka.

"Dada, nasikia unauza makoti. Nitafutie moja la baba. Zito."

"La kwake nitalichagua mwenyewe," nikamwambia.

Nikamchagulia kweli. Kwenye belo zima hapakuwa na lingine kama lile, la sufu ya kijivu, bitana nzima, kola pana. Wivu wangu haukuwa wa kumpa mtu kitu kibovu. Ulikuwa wa kumpa kitu kizuri sana asiweze kukiacha, halafu bei nisiishushe.

Alhamisi iliyofuata nilikuja na furushi langu la nguo na chupa yangu ya chai, maana chai ya hospitali ilikuwa maji yaliyosikia habari za majani. Wakati wa mapumziko nikalitoa koti. Mwanamke wa Machame akalipokea kwa mikono miwili, akalinusa.

"Unataka nini?"

"Wewe una shamba, mimi nakaa chumba cha kupanga. Mikungu mitatu ya ndizi mshare, na maziwa."

"Mitatu! Kwani lilivaliwa na mfalme?"

"Lilivaliwa na mtu wa nchi ya barafu. Shika bitana hiyo."

"Kifungo hiki hakifanani na wenzake."

"Kipo chini ya kola. Mpaka mtu akione, amekuja kukukaba."

"Mmoja, dada. Mkubwa, wewe mwenyewe hutaubeba."

"Mkungu mmoja naumaliza peke yangu nikiwa nimekasirika."

Mzee fundi cherehani akashusha kikombe. "Kina mama, hapa ni matibabu au Kiboriloni sokoni?"

"Ni matibabu, mzee," nikamjibu. "Mimi ndiyo nimeanza kupona."

Watu wakacheka. Mwanamke wa Machame hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Nionee huruma. Asubuhi anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Namgeuza kama gunia, mgongo wangu umekwisha. Wewe wako anatembea, anajivalisha. Hata choo anakwenda mwenyewe! Umenizidi kila kitu, bado koti unanikazia?"

"Wewe unaitwa mke wangu toka asubuhi mpaka usiku. Hilo peke yake ni blanketi."

Lilitoka lenyewe. Akalibana koti kifuani.

"Kumbe," akasema taratibu. "Ndiyo maana bei haishuki."

Kwa mfanyabiashara hakuna aibu kama mteja kuisoma bei yako ilikotoka. Nilitaka kulivuta koti, nikalishika mkono mmoja, naye akashika wa pili, na tukabaki hivyo, wanawake wawili wazima, tumelitandaza katikati kama watu wanaokunja shuka. Sista aliinuka kwenye kiti chake.

Mume wangu akamtangulia.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, hatuangalii. Akaja polepole, kama mtu wa kupita. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimeshaisikia shikamoo hiyo kila siku ya Mungu. Nikaitikia kwa mazoea. "Marahaba, baba."

Akashika kola. Akaligeuza koti, akatazama bitana, akaingiza mkono mfuko wa kulia, wa kushoto. Akarudi tena kwenye wa kulia.

"Mama, kama huyu hataki, nifungie mimi."

"Baba," sista akasema kwa upole, "hilo koti ni la mgonjwa mwenzako, eti. Njoo tu..."

Nilimwonyesha kiganja anyamaze. Mwanamke wa Machame alikuwa ameshalikumbatia koti lote, na mkono wa koti nilioushikilia ukaniponyoka.

"Nani amesema sitaki? Mikungu miwili. Na maziwa."

"Mitatu," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Miwili, na maziwa wiki mbili, na usiongeze neno!"

"Chukua."

Mume wangu akasikitika kidogo. "Basi, mama, siku nyingine." Akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa mbele.

Sista akaruka. Wote tulijua habari za mume wangu. Mwezi uliopita alitoka hivyohivyo tukamkuta jioni kwenye reli, anamweleza mlinzi asiye na treni jinsi breki zinavyofanya kazi. Geti lilikuwa wazi, na nje ya geti ilikuwa barabara ya magari makubwa. Nikamkamata sista kifundo cha mkono.

"Mwache."

"Atapotea, mama!"

"Mwache azunguke."

"Azunguke nini?"

Nilikaa, nikageuza benchi kidogo ili mgongo wangu uelekee mlango wa nyuma, furushi langu la nguo nikaliacha nyuma yangu. Mteja wa kweli akikosa kitu anakwenda zake. Ana nyumba, ana njia, hana sababu ya kurudi. Kama mume wangu alikuwa mtu aliyependa koti akalikosa, basi wakati ule alikuwa anavuka geti, na mimi ndiye niliyemzuia sista asimkimbilie. Sikugeuka kutazama uani. Pale sokoni sikuwahi kugeuka, maana ukigeuka unamuuza.

Nikafungua chupa yangu. Chai ikamwagika kidogo kwenye kanga.

"Unamsubiri nani?" akauliza mwanamke wa Machame.

Tulimsikia mpishi kwanza, na sufuria ikigongwa. "Baba! Baba, huku hapapiti wageni!" Kisha hatua, za mtu asiye na haraka. Furushi likabonyea nyuma yangu. Mkono ukaja juu ya bega langu, kiganja wazi.

Nikampa kifuniko. Nilimsikia akipuliza, akinywa. Mkono ukarudi, na ndani yake nusu ya chai.

"Lahaula," akasema mzee wa Majengo, "kumbe mteja ni wa kwenu!" Akacheka mpaka akajifuta macho, na ukumbi wote ukacheka, hata wale ambao hawakuelewa. Sista alikuwa amesimama mlangoni bado, mkono kifuani.

Mwanamke wa Machame hakucheka. Alitazama kile kifuniko mkononi mwangu. Akamtazama mume wake, ambaye hawezi kutoka mlango wowote, wa mbele wala wa nyuma, bila yeye kumshika kiuno. Kisha akarudi kwenye kifuniko. Niliyajua macho yale. Nilikuwa nimeyavaa mwenyewe kila Alhamisi, na sasa nikayaona yalivyo kwa mtu mwingine, jinsi yanavyomkondesha mtu uso.

"Mke wangu," mume wake akamwita.

Hakugeuka mara moja.

Hapo palikuwa mahali pa kumwambia, dada, leta mkungu mmoja, yaishe. Sikumwambia. Nilikunywa nusu yangu mpaka tone la mwisho, polepole, aone.

Ndizi alizileta, mikungu miwili, na maziwa kwa wiki mbili, hayakuchakachuliwa. Mume wake alikuja amevaa koti, kifungo kisichofanana na wenzake amekifunga mpaka juu. Lilimkaa vizuri. Sista akatuuliza jambo jema la wiki. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mume wangu alizunguka." Mwanamke wa Machame akapiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kidogo. Ilipofika zamu yake, akasema ameitwa, na mimi nikapiga vilevile, kwa kipimo hichohicho.

Nisiseme alirudi kunijua. Jioni ile ile ya koti, tulipofika Pasua, alivua kofia mlangoni na kunishukuru kwa chai, mama, Mungu akubariki. Na mimi bado sijaacha wivu. Nikisikia mwanaume anamwita mke wake barabarani, hata kwa kumgombeza, shingo yangu inageuka.

Lakini Jumamosi nikaanza kumpeleka sokoni tena. Anasimama mbali, amevaa shati safi. Akiona mteja ameshika kitu hataki kukiacha, anakuja, anaamkia, anageuza bitana. Anaondoka kwa mbele. Kuna siku nasikia hatua nyuma yangu, kutoka kwa wauza dagaa. Kuna siku sizisikii, naacha meza kwa jirani na kukimbia mpaka stendi, namkuta anasikiliza injini za watu. Nikimwambia twende, anakuja, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

Chai naimimina kabla sijajua ni siku ipi. Ikipoa, nainywa mwenyewe, nusu ya kwanza, kisha nusu ya pili.